Tofari Lisiloonja Moto

Niliondoka Bagira Jumatatu kwa sababu Maman Nsimire, mjane anayejenga kijijini Mudaka, alituma ujumbe kwamba hayataki tena matofari yetu. Sisi wanawake sita tunashindilia udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono, bila kuchoma hata ukuni mmoja. Bila oda yake, mwenye mashine angeihamishia Uvira na kazi ingekufa. Sikuogopa. Nilijua kazi yangu, na tofari moja nililibeba mkobani liwe shahidi.

Saa mbili asubuhi pikipiki ilinipitisha kwenye matope. Kando ya njia tanuru za matofari zilifuka moshi, na vilima vya mikaratusi vilibaki visiki. Niliudhika, nakiri, na hasira ikanipa maneno mengi ya kumwambia.

Huko Mudaka nilimkuta Maman Nsimire uani akipepeta maharage. Nilitumbukiza tofari kwenye ndoo ya maji, tukanywa chai, nikalitoa zima.

"Maji haiko shida," alisema. "Famille ya marehemu bwana yangu watasema: muke amebaki peke yake, akajenga nyumba mbichi."

"Nani alikuambia iko mbichi?"

"Si weye mwenyewe? Iko kwa kibao yenu: Tofari mbichi, bila kuni."

Kweli, niliandika mimi, kwa majivuno, nikidhani natetea misitu. Niliona haya. Nikamweleza kwamba tofari likitoka mashineni tunalifunika turubai wiki nne, tukilinyunyizia maji, mpaka likomae.

"Kumbe munaifunika? Kama ndizi za pombe mu shimo?"

"Ni vile, maman."

"Ndizi ile haionake moto, na inaiva. Basi hii iko ya kuiva. Unaiita mbichi ya nini?" Akarudia ungo wake. "Lete ya ukuta ya mbele kwanza. Ile ya barabarani, famille waione."

Saa tisa nilianza kurudi, nikijicheka njia nzima. Saruji ghali na barabara mbovu tumevizoea, tunapambana navyo kila wiki. Kilichokaribia kutufungia mlango ni neno, tena langu mwenyewe.

Bagira, wenzangu walikuwa wamekaa kando ya mashine. Niliwaambia Maman Nsimire amekubali ukuta mmoja.

"Ya nyuma ao ya mbele?" aliuliza Maman Sifa, mkubwa wetu.

"Ya mbele."

Alivua viatu, akaanza kuchekecha udongo.