Mzee wa Tanga na Breketi Zangu Hamsini

Wenzangu hapa Sanyuanli, mtaa wetu Waafrika wa Guangzhou, wamechoka kunisikia, na mimi nimechoka kuulizwa siku ile nilikuwa nimekula nini. Nilikuwa nimekula wali na kuku, kama kila siku. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na jua la Agosti lilikuwa utosini. Haya niliyaona mchana kweupe, ndani ya karakana yenye watu sita. Ukiyaamini, sawa. Usipoyaamini, kamuulize dada yangu Mwanaidi kwa nini yu hai.

Balaa lilianza na shemeji. Shaibu, mume wa Mwanaidi, ana gari la michezo la Kijapani, milango miwili, la zamani kuliko ndoa yake, na analipenda kiasi kwamba dada yangu ameshaacha kulionea wivu. Magari yale yana ugonjwa mmoja. Pale mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapofungwa kwenye bodi, bati hupasuka kwa uzee, na dawa yake ni kuchomelea breketi nene ya chuma ya kuongeza nguvu, yenye tundu la bolti ya mkono huo. Madukani hazipo. Basi shemeji akaokota moja kwa muuza vyuma chakavu mtaa wa Gerezani, Dar, imekatwa kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokuwa limepondeka, akanitumia huku Guangzhou na ujumbe: "Shem, tengeneza kama hii hii." Mimi nauza vipuri, fundi si mimi. Lakini nani ananisikiliza?

Kama hujafanya biashara China, ngoja nikwambie habari ya sampuli. Ukimpa laoban, yaani bosi wa karakana, hakuulizi ni ya nini wala imetoka wapi. Ananakili. Huyu wangu alisema chini ya seti hamsini hawashi mashine, nikakubali seti hamsini za kitu kinachotakiwa na mtu mmoja. "Yiyang, yiyang," akaniambia, sawasawa kabisa, na kweli zilitoka sawasawa mpaka kwenye mkwaruzo wa msumeno. Seti ya kwanza nikaitanguliza Dar kwenye begi la mwanafunzi aliyekuwa anakwenda likizo. Shemeji akaifunga, akanitumia picha kumi na moja, akasema Ijumaa anawapeleka Mwanaidi na mtoto Tanga kwenye harusi, gari sasa ni chuma kitupu.

Ijumaa hiyo hiyo mimi nikaenda karakana kuchukua zilizobaki, maana kontena lilikuwa linafungwa kesho yake kwenda bandarini Huangpu. Nikafika saa sita na nusu. Miaka saba niko nchi hii na bado nafika saa ya usingizi! Saa sita mpaka saa nane mafundi wanalala, na hata nyumba ikiungua watakwambia subiri. Taa zimezimwa, kila mmoja kwenye kitanda chake cha kukunja, laoban kichwa juu ya meza anakoroma. Nikachomeka simu yangu kwenye soketi karibu naye, nikavuta kigoda mpaka kwenye rundo la breketi, nikakaa nimefura.

"Tundu hili si lake."

Kiswahili, tena cha Tanga. Nikageuka. Pembeni yangu ameketi mzee wa miaka kama sitini, shati jeupe, breketi yangu mkononi na kidole chake ndani ya tundu la bolti. Shati lilikuwa na mstari mweusi kutoka bega la kulia mpaka nyonga ya kushoto, nikadhani kaegemea kitu chenye grisi. Mimi jasho linanitiririka, yeye mkavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Limevutika kama yai," akasema. "Bolti itacheza humu."

Nikamweleza kwa adabu kwamba ndivyo sampuli ilivyo. Akasema sampuli ndiyo iliyovutika, yeye alilitoboa duara. Hapo nikachoka. Mji huu kila Mswahili ni fundi, wakala, daktari na shehe kwa wakati mmoja, na sasa nimepata anayedai breketi ni yake. Nikaanza kuhesabu breketi. Akarudia. Nikamwambia, mzee wangu, kesho nafunga kontena. Akarudia tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto alifu. Nani angevumilia?

"Basi kama ulilitoboa duara," nikamwambia, "lilivutika lini?"

"Siku ile. Ilianza kugonga pale Segera, njia ya Dar. Mke wangu akaniambia simama. Nikamwambia nitaitazama tukifika. Akaniambia tena, nikamfokea. Nilimfokea mpaka Mkata." Akaiweka breketi pajani. "Kwa shemeji yako, nani anakaa kushoto?"

Niamini, sikuogopa. Nilikasirika. Sikuwa nimemtajia shemeji hata kwa bahati mbaya, nikajua tu kuna mtu Sanyuanli anatembeza habari zangu. Nikasimama nikapiga kelele: mambo ya familia yangu umeyatoa wapi wewe?

Karakana nzima ikaamka. Kumkatisha Mchina usingizi wa mchana ni ugomvi wa peke yake, lakini fundi wa kuchomelea aliketi kitandani akaniuliza kwa upole nagombana na nani kwenye simu. Simu ilikuwa ukutani, kule kwa laoban. Nikatazama pembeni. Kigoda alichokalia mzee kilikuwa na katoni ya vijiti vya kuchomelea, imejaa mpaka juu, na utepe wake haujafunguliwa. Hapo ndipo nilipouelewa ule mstari wa shati. Ulipita pale pale unapopita mkanda wa dereva.

Nikakimbilia simu. Dar ilikuwa inakaribia saa mbili asubuhi, wako njiani. Na unajua simu za huku: bila VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, huwapati watu wa nyumbani, na VPN ilichagua dakika ile kuzunguka, ikakata, ikazunguka tena. Nikaitukana kwa lugha tatu. Mwisho nikapiga simu ya kawaida.

"Shikamoo, kaka," Mwanaidi akapokea, muziki nyuma yake.

Nikamuuliza kama gari linagonga.

"Tangu Bagamoyo. Lakini Baba Saidi anasema ataitazama tukifika."

Wallahi, neno kwa neno. Nikamwambia mwambie asimame. Nikamsikia shemeji akicheka: "Mwambie shem chuma chake kiko imara!" Nikaomba, nikaapa, nikalia mbele ya Wachina sita, na yule bwana bado anacheka. Ndipo dada yangu, Mungu amweke, akasema kwa sauti ya kinyonge, "Baba Saidi, nataka kutapika."

Akasimama papo hapo. Kwa maneno yangu hakusimama, kwa maneno ya mkewe hakusimama, alisimama kwa ajili ya viti vyake vya ngozi. Aliposhuka kuchungulia uvunguni, nati ya upande wa kushoto haikuwepo na bolti ilikuwa nusu nje. Aliichomoa kwa vidole viwili. Hakucheka tena, na mpaka leo akiniona anaanza yeye kuniamkia.

Laoban nilimlaumu, akaniwekea sampuli yangu mbele, tundu limevutika vilevile. Kontena liliondoka bila breketi. Matundu yote yalizibwa kwa kuchomelewa yakatobolewa upya, duara, nami nimesimama juu ya kichwa cha fundi kwa siku tatu.

Kisha nikampigia yule muuza vyuma chakavu wa Gerezani. Akasema gari lilitoka Tanga, mwenyewe alifia njiani, mkewe alivunjika nyonga. Nilipokwenda nyumbani mwezi uliofuata nikamtafuta mjane huyo Tanga. Anaitwa Bi Zaina, anatembelea gongo, na anaishi uani katika nyumba ya shemeji yake, kaka wa marehemu. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Nilitegemea atanifukuza.

"Alisema nilimwambia asimame?" akauliza.

"Alisema."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Kisha akaniambia kwamba miaka minne sasa wakwe wanasema kelele zake ndizo zilizomfanya mume apoteze usukani. Hajawahi kuitwa mezani siku ya Idi. Akainuka na gongo lake, akafungua mlango wa nyumba kubwa, akamwita shemeji yake na wote waliokuwa ndani.

"Rudia," akaniambia. "Mbele yao."

Nikarudia. Segera, kugonga, simama, nitaitazama tukifika, kufokewa mpaka Mkata. Yule kaka mtu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza marehemu alikuwa na hali gani. Nikasema alikuwa mbishi, alinichosha. Akafunika uso kwa viganja vyake. "Ndiye huyo," akasema, na hakuweza kumtazama Zaina.

Tangu siku ile sikai ndani ya karakana saa ya mapumziko. Nasimama nje, juani, wapita njia wananicheka, na nawaacha wacheke. Wewe unayenakili vyuma vya watu, uliza kwanza vimetoka kwenye gari la nani. Na wewe uliyeshika usukani, mkeo akikwambia simama, simama. Usingoje kuja kumwomba radhi kwa kinywa cha muuza vipuri.