Picha Iliyotoka Nyeusi

Gesare alizimwaga picha juu ya meza ya kioo kama mtu anayerudisha nyanya zilizooza kwa mwenye kibanda.

"Mama Ruth, hebu niambie. Mume wangu yuko wapi hapa?"

Tryphosa, Mama Ruth kwa wateja wake, aliivuta moja karibu na uso wake. Amekuwa akiwapiga watu wa Marani picha tangu enzi za filamu: maharusi, watoto wa kubatizwa, wanakwaya, na zaidi ya wote, maiti. Hakuna mlima upande huu ambao hajaupanda na kamera shingoni akifuata jeneza. Katika picha aliyoishika aliona jeneza jeupe, shati jeupe, kitambaa cheupe cha satini, na katikati yake kichwa cha mtu. Aliona mwanga wa kutosha. Hakuona kasoro.

"Si huyu hapa?"

"Huo ni uso? Tazama vizuri. Macho hayapo. Pua haipo. Nilikuita umpige picha Okemwa, ukaupiga picha unga!"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja picha za pasipoti kwenye benchi waliangalia chini. Tryphosa alijitetea kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. Jeneza jeupe ni adui, alisema. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaubana, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Ndiyo maana mpiga picha huongeza mwanga kwa mkono wake. Labda siku ile aliongeza kupita kiasi kidogo.

"Kidogo!" Gesare alicheka kicheko kikavu. Kisha akaketi, hasira ikamtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Mama Ruth, mimi nilimwona mume wangu kwa macho yangu. Picha ningezitupa tu. Lakini mama yake hakumwona."

Akaeleza. Okemwa alifia pwani, alikokuwa akifanya kazi, na alikuwa hajafika nyumbani Nyaramba kwa muda mrefu. Wiki aliyoletwa, mama yake, Bitutu, alikuwa hospitalini, nyonga imevunjika kwa kuteleza kwenye majani chai. Akazikiwa mwanawe akiwa kitandani. Na kwa kuwa mzee wa kanisa alikuwa amekataza simu karibu na jeneza, ili uso wa marehemu usizungushwe mitandaoni, kamera iliyoruhusiwa ilikuwa moja tu.

"Sasa nimempelekea hizi. Amezitazama, akanirudishia. Anasema mochari za mbali huchanganya watu. Anasema tumezika mgeni. Kila jioni anamwekea Okemwa chakula, Mama Ruth. Anakifunika na sahani. Asubuhi anampa mbwa, jioni anaweka tena."

Tryphosa alizikusanya picha moja moja, akazirudisha ndani ya bahasha.

"Na arusi ya ndugu yangu Brandon nilikuwa nimewaambia ni wewe," Gesare alisema akisimama. "Sijui sasa."

Baada ya wateja kuondoka, Tryphosa alikaa peke yake. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata bintiye Ruth. Mwaka uliopita, madaktari wa macho walipopiga kambi uwanjani pa kanisa, kijana mmoja alimmulika kwa muda mrefu, akamwita mwenzake. Presha ya macho, walimwambia. Walimpa matone na kumwagiza afike kliniki. Walisema pia, kwa upole, kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Matone aliyamaliza. Kliniki hakwenda. Alijiambia kwamba mvua za mwaka huu ndizo zimezidi, ndiyo maana dunia imekuwa na ukungu hata saa sita mchana.

Kesho yake alishuka Kisii mjini kwa Onsongo, mchapaji wake wa miaka mingi, mwenye chumba kidogo juu ya duka la viatu. Onsongo alikuwa ametoka kuugua. Siku picha za Okemwa zilipochapwa, hakuwepo, na shemeji yake ndiye aliyeshika mashine.

"Aah, mama wa picha! Karibu. Umeleta maharusi au marehemu?"

"Marehemu."

"Afadhali. Marehemu hawalalamiki."

"Huyu amelalamikiwa."

Onsongo aliitazama bahasha, akaacha mzaha. Aliichukua memori kadi, akaitia kwenye kompyuta, akazipitisha picha moja moja. Kisha akazungusha kiti.

"Mama Ruth, usikasirike. Picha zako zote, tangu mwaka jana, mimi huzipunguza mwanga kabla ya kuchapa. Zote. Mwanzoni kidogo, halafu zaidi. Nilidhani ni kamera imezeeka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyenionyesha mimi tundu la lenzi ni nini."

Ilikuwa kweli. Tryphosa naye alikuwa ameonyeshwa na Nyamweya, mzee aliyekuwa na studio ya kwanza Marani, ambaye alifundisha kwa mfano wa chai. Kuna moto, alikuwa akisema, kuna muda, kuna majani. Moto ni tundu la lenzi, ukilipanua au kulibana. Muda ni pazia la kamera, likifunguka na kufumba. Majani ni ukali wa filamu katika kunasa mwanga. Ukipunguza kimoja, ongeza kingine, la sivyo utawanywesha watu maji ya moto au uchungu mtupu. Na akaongeza agizo moja ambalo Tryphosa alilishika kama amri ya kanisani: ukibabaika, ongeza mwanga. Filamu iliyokosa mwanga haina kitu. Iliyozidishiwa, mchapaji ataiokoa.

"Hiyo ilikuwa filamu," Onsongo alisema. "Hizi za sasa ni kinyume. Giza naweza kulivuta, likatoa mtu. Lakini ikishaungua, ikawa nyeupe kabisa, hakuna kilichoandikwa pale. Nitavuta nini?" Akaonyesha kidole pembeni mwa skrini, kwenye ule mchoro wa vilima unaopima mwanga; kilima chote kilikuwa kimesukumwa ukutani upande wa kulia, upande wa mwanga uliozidi. "Na hiki kiko pia nyuma ya kamera yako. Hukitazami?"

Hakuwahi kukitazama. Alitazama picha yenyewe kwenye kioo cha kamera, akaamini macho yake, na kila mwezi macho yalimwambia picha bado iko gizani, ongeza, na yeye akaongeza.

Mvua ilianza kupiga bati la jirani. Onsongo alikuna kidevu.

"Huna nyingine? Hata mbovu."

"Zilizofaa ni hizo."

"Sijasema zilizofaa."

Alifikiri. Kulikuwa na moja. Siku ile alikuwa amepiga kwaya uani, jua likiwaka, halafu akaitwa haraka ndani ya tenti kifuniko kilipofunguliwa. Aliinua kamera kabla hajabadilisha chochote. Pazia lilikuwa bado limewekewa kasi ya juani. Picha ikatoka nyeusi tii. Ndipo alipopunguza kasi, akapanua tundu, akaanza kuziunguza zote zilizofuata. Ile nyeusi hakuifuta. Nyamweya hakuwahi kutupa picha ya maiti, hata iliyoharibika, mpaka familia iridhike, naye hakuwahi.

Onsongo aliipata. Alianza kuvuta. Tryphosa aliona mstatili mweusi ukibaki mstatili mweusi, lakini alimsikia Onsongo akivuta pumzi, kisha akasema taratibu, "Pole, ndugu yangu," na hakuwa akimwambia yeye.

"Yupo?"

"Yupo. Ana chengachenga kama mtu wa nyuma ya wavu, lakini yupo. Huoni?"

"Naona," Tryphosa alijibu.

Alifika Nyaramba siku ya Jumapili, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya majani chai. Bitutu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mkongojo umelazwa mapajani. Juu ya meza palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Gesare aliitazama, akatazama kando.

"Ni huyu mpiga unga?" Bitutu aliuliza kwa Kigusii.

"Ni mimi, mama."

"Umeleta unga mwingine?"

"Nimeleta moja tu. Ni nyeusi nyeusi. Nilidhani imeharibika."

Mama mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Kuku aliingia, akatembea chini ya meza, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

"Amekonda," Bitutu alisema hatimaye.

Gesare alijishika mdomo.

"Hawakumpa chakula huko. Tazama shavu. Na hii midomo ameikunja upande, tazama, hivi hivi alivyokuwa akiikunja nikimletea uji wa wimbi. Alikuwa hapendi uji. Nampiga, anameza, halafu anaikunja tena." Alimgeukia Tryphosa. "Si umeiona alivyoikunja? Wewe ndiye uliyesimama karibu."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa amemwambia Onsongo ndiyo. Angeweza kusema ndiyo hapa pia, achukue shukrani na njia. Aliiinamia karatasi mkononi mwa mama yule. Aliona weusi, na ndani ya weusi labda ukingo wa jeneza, labda mng'ao wa mlango tu. Na mama alikuwa bado anamtazama, akitaka mtu mmoja zaidi aliyemwona mwanawe.

"Mama, mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Huo uso. Macho yangu yanakwisha. Ndiyo maana nyingine ziliungua. Si jeneza. Ni mimi."

Bitutu alimkodolea Tryphosa macho, kisha akamshika kidole cha shahada, akakiweka juu ya karatasi.

"Hapa ni jicho," alisema. "Hapa pua. Hapa ndipo alipoikunja."

Akaanza kulia hapo, kwa sauti, kilio ambacho wengine walikuwa wamekilia kaburini miezi iliyopita naye hakuwepo. Majirani walikisikia, wakaanza kuja mmoja mmoja kupitia migombani. Alilia akiwa bado amekikaza kidole cha Tryphosa pale pale, na chini ya kidole kile hapakuwa na jicho wala mdomo, ila karatasi laini, yenye baridi.

Baadaye Gesare alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amebeba ile sahani ya mezani. Alikimwaga chakula kwenye shina la mgomba, akaipangusa sahani kwa kanga.

"Asante, Mama Ruth," alisema. Akatembea kidogo. "Ile arusi ya Brandon..."

"Tafuteni mtu."

"Si kwa ubaya."

"Najua. Mwambieni tu asiongeze mwanga sana. Gauni litaungua."

Gesare alijaribu kutabasamu. Tryphosa alilisikia tabasamu lile katika pumzi yake. Waliagana. Mvua ya alasiri ilikuwa inajikusanya upande wa Itumbe, au labda ilikuwa bado mapema na jua lilikuwa linawaka. Alisimama kando ya barabara, kamera ndani ya mkoba, akingoja mtu apite amuulize kama ni mvua au jua.