Uhamisho Nilioukataa

Mwaka wangu wa mwisho gerezani, mjini Arusha, nilikuwa nikimeza dawa za kurefusha maisha asubuhi na jioni, na katikati nilikuwa nikiwaza kijiji chetu cha Buger, huko Karatu. Sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza ukungu uliolala juu ya mahindi, na sauti ya mama akimwita ndama kwa lugha yetu. Kila nilipojaribu kuikumbuka kwa nguvu, sauti hiyo ilipotea.

Siku chache kabla ya kutoka, nesi wa zahanati ya gereza aliniuliza bila kuinua uso:

"Nikuandikie uhamisho?"

Kwetu ndani neno hilo lilikuwa na maana moja: unaitwa alfajiri, unapandishwa karandinga, unapelekwa gereza la mkoa mwingine, na ndugu zako wakija kukuona wanaambiwa hupo.

"Hapana, sista. Niacheni hapa hapa nimalizie."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Akafunga faili. Nilimshukuru.

Nilitoka na kopo la vidonge. Nyumbani Buger mama alinipikia makande, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Nilimweleza ugonjwa wangu, na kwamba dawa hizi hazikatishwi. Alilipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka alipokuwa akihifadhi mbegu.

Vidonge vilipokaribia kwisha nilikwenda kliniki Karatu mjini. Nesi wa pale, mama mtu mzima, aliuliza:

"Uhamisho wako uko wapi, baba?"

"Sikuhamishwa. Niliachiliwa."

Alicheka mpaka akashika meza.

"Nani kakuuliza habari za magereza? Uhamisho wa matibabu! Karatasi inayoonyesha unatumia dawa gani na ulianza lini. Bila hiyo kwangu wewe ni mgonjwa mpya. Nikuanzishe upya, vipimo, mafunzo, na huku zako zimekwisha. Ukikatisha zinaweza zisikufae tena."

"Sasa nifanyeje?"

"Rudi ulikotoka."

Simu hatukuwa nayo. Nilimwagiza jirani niliyemkuta sokoni: mwambie mama nimekwenda gerezani kufuata karatasi, kesho narudi. Nikapanda basi.

Askari wa getini alinitambua.

"Wewe! Umesahau nini humu, blanketi?"

"Nimekuja kuomba uhamisho, afande."

"Aisee! Wenzako wanalia wasipewe, wewe unaufuata kwa nauli yako. Haya, ingia, kaa kwenye benchi, nesi anakuja."

Nilimwomba nisubiri nje, nikavuka barabara na kuegemea ukuta wa duka. Jua lilipoanza kushuka, ndani iligongwa kengele ya kuhesabiwa, na nikajikuta nimechuchumaa kama wote waliokuwa kule. Mwenye duka aliniuliza kama naumwa. Nilisimama, nikajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

Nesi alitoka mwenyewe, karatasi mkononi.

"Si nilikuuliza?" akasema. "Si nilikuuliza, mzee?"

Nilifika Buger kesho yake jioni. Mama alikuwa amekaa mlangoni, na ng'ombe walikuwa bado hawajakamuliwa. Ujumbe wangu ulimfikia nusu: mwanao amerudi gerezani.

"Wamekuachia tena?" aliniuliza.

"Hawakunikamata, mama. Nilikwenda mwenyewe."

"Mtu anakwenda mwenyewe gerezani?"

Nilimpa ile karatasi. Hakujua kusoma. Aliigeuza pande zote mbili, kisha akanirudishia.

"Nisomee."

Nilimsomea yote, mpaka majina ya dawa, ambayo niliyatamka vibaya. Aliniambia niyarudie.

Asubuhi tulikwenda kliniki pamoja, nikapewa dawa. Baada ya hapo, kila tarehe yangu ilipofika, alinisindikiza mpaka barabarani na kubaki hapo hapo, hata gari lichelewe vipi, mpaka anione nikishuka.

Sasa mama hayupo tena. Dawa bado nachukua Karatu. Nikishuka kwenye gari nachelewa kidogo kuondoka pale barabarani, na makondakta wanaonijua huuliza kama kuna mtu ninayemsubiri.