Gari la Kuegemea

Juzi, kwenye steshenari moja ya Miyuji, nilimkuta mama mmoja anachapishiwa picha kubwa ya kutundika sebuleni. Mwanawe aliyehamia Kanada ameegemea gari jekundu, mikono kifuani. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Simu ya mama ikalia, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama. Ile picha usiitundike. Gari nimeliuza."

"Heh! Si ulisema umelipata kwa bei ya kutupa?"

"Kununua mtumba ni rahisi, mama. Bima ndiyo imenishinda. Ama nilipie bima, ama chumba. Sasa kazini naenda kwa miguu, na baridi hii."

Simu ilipokatika, mama alipangusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya khanga, pale penye uso wa mwanawe. Akamwambia dada wa duka, "Mwanangu, ondoa gari, abaki yeye."

Dada akajaribu, akasita. "Mama, kaliegemea. Nikiliondoa, ataonekana anaanguka."

"Basi liache," mama akasema taratibu. "Asianguke."

Kila siku huwa namwomba Mungu anipe gari. Jioni ile nilimwombea yule kijana apate cha kuegemea.