Mbu Wanamshukuru Baba

Neti ya dada yangu mjamzito ilikuwa imefunika vifaranga. Si utani. Kliniki walimpa yeye, lakini baba aliona mwewe wanamaliza vifaranga, akaitandaza juu ya banda pale kwetu Myanga. Dada alikuwa amerudi nyumbani kupumzika, maana mimba yake ya kwanza iliharibika kwa malaria. Mimi nilikuwa Kitale nikifundisha bayolojia, na habari za hilo banda dada alinipa kwa simu.

Nikampigia baba simu. Nikamweleza vimelea, ini, chembe nyekundu za damu, kondo la nyuma. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Asante, mwalimu. Na mwewe umemfundisha?"

Aki nilikasirika! Nikaingia saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Kwenye blogu yangu, ambapo niliandika makala ya sayansi yasiyosomwa na mtu, siku hiyo nikaandika barua ya mbu:

"Mzee wetu mpendwa, sisi mbu wa kike tunakushukuru. Tunahitaji damu ili tutage mayai, nawe umetuachia mama mjamzito, ambaye malaria humshika vibaya kuliko wengine. Vifaranga umewafungia, sawa, hao hatukuwa na haja nao. Msalimie yule kuku wako asiye na manyoya shingoni."

Shemeji, mume wa dada, alikuwa akifanya kazi Bungoma mjini. Aliisoma huko, akaichapa, akaenda nayo nyumbani. Jumapili baada ya kanisa akawasomea wageni wakinywa chai. Nasikia baba ndiye aliyecheka zaidi, akijipiga mapaja, ati huyo mzee ni mjinga kweli, bana! Mpaka walipofika kwa kuku. Akageuka kutazama. Kuku mwenyewe alikuwa anapita mlangoni.

Jioni simu yangu ikalia. "Waandikie hao rafiki zako," baba akasema. "Waambie hoteli imefungwa."

Dada alijifungua salama. Nilipoenda kumwona mtoto, nilimkuta amelala ndani ya neti ileile, imefuliwa, mashimo yaliyodonolewa na vifaranga yameshonwa kwa uzi wa magunia ya mahindi. Baba alishona mwenyewe. Vifaranga sasa walikaa jikoni, chini ya kikapu. Nikampakata mtoto, machozi yakanitoka.

Baba akaniangalia. "Lakini na wewe, mama," akasema, "jambo la kuua mtu hivi, si ungeniambia mapema?"