Goli Lililogonga Ng'ombe

Kila nikisoma gazetini visa vya ajabu vya mpira wa miguu, natafuta kama kuna refa mwingine aliyewahi kusumbuliwa na ng'ombe.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu. Kwa kuwa nilikuwa nimezisoma sheria za mpira, wachimbaji wa dhahabu wa Geita na vijana wa kiwanda cha pamba cha Shinyanga walinikabidhi filimbi ya mechi yao. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe lililofungwa nyuma ya goli.

Timu zikiwa sare, mchezo ukielekea mwisho, dume likakata kamba likaingia uwanjani. Mchimbaji mmoja akapiga shuti. Mpira ukaligonga ubavuni, ukatumbukia golini.

"Goli, Mwalimu!"

"La nani? La ng'ombe?" golikipa wa pamba akauliza.

"Mwenyewe kachagua wa kwenda nao!" mchimbaji akajibu.

Watu walicheka, mimi nikatoka jasho. Sheria inakataa mpira unaoguswa na kitu cha nje ya mchezo. Lakini zawadi ni ya nje? Na kama shuti lilikuwa linaingia tu?

Nikalikataa goli. Mechi ikaisha sare, na manahodha wakakubaliana kurudiana Jumapili. Dume likae kwa nani? Kwa refa, maana hana upande.

Wiki nzima nilililisha, nikiutazama ule ubavu na kujiuliza. Jumapili wachimbaji walishinda, wakaondoka nalo wakiimba. Nilishukuru. Swali lenyewe hawakuondoka nalo.