Mama Koleo na Jino la Andrea

Jina lake halisi ni Emiliana, na ndilo lililo kwenye kibandiko cha koti lake jeupe. Lakini ukishuka kwenye basi huku chini ya mteremko wa Sekenke ukamuulizia Emiliana, utajulikana hapohapo kuwa mgeni. Ulizia Mama Koleo, na hata mchunga mbuzi atakuonyesha kituo cha afya anapofanya kazi ya kuziba na kung'oa meno ya watu.

Jina hilo alipewa na kina mama. Mtoto akigoma kula, anaambiwa Mama Koleo anakuja. Akichelewa kurudi kisimani, Mama Koleo. Akimkojolea mgeni, Mama Koleo. Kisha siku jino likimuuma mtoto yuleyule, mama anamburuta hadi kwa Mama Koleo na kushangaa kwa nini amefumba mdomo. Watu wazima tuna vituko. Emiliana mwenyewe alilichukulia kama utani tu. Akiitwa hivyo mnadani, aliitika na kucheka.

Na kazi yake anaijua. Mtoto mdogo asiyeelewa maneno mengi hamlazi kitini. Anamwacha apakatwe na mama yake, anampa kile kioo kidogo akishike, na kumwomba amhesabie yeye meno kwanza. Wa shule ya msingi anamweleza kila kifaa kabla ya kukigusa, maana hao wanapenda kujua. Walioanza kuota chunusi anawatolea mzazi nje, kwa sababu kijana hawezi kueleza shida yake huku mama akimjibia. Lakini kwa wote ana sharti moja, na mzazi akilivunja anakemewa mbele ya foleni: ni marufuku kumwambia mtoto kwamba haiumi.

Mwaka huu binti yake Ritha alipata kibarua mjini Singida, akamwachia mwanawe Andrea, wa miaka mitano. Mtoto alifika na begi dogo na mdomo usiotulia. Akawa anamfuata bibi yake kama mkia, kutoka jikoni hadi bandani kwa kuku, maswali hayaishi. Nyumba ikachangamka.

Alipoanza chekechea, akapoa. Ugali wa mtama na mlenda aliokuwa akiugombania akawa anausukuma pembeni. Bibi akirudi kazini na kuingilia mbele, yeye anatokea mlango wa uani. Emiliana alidhani anamkumbuka mama yake, akaumia moyoni bila kusema.

Jumamosi moja aliketi na Flora, mjukuu wake mwingine wa miaka kumi na mitatu, wakimenya karanga. Msichana wa umri huo Emiliana hamtazami usoni anapotaka kumchimba. Aliweka macho kwenye ungo, akasema, kana kwamba anaziambia karanga, kuwa Andrea siku hizi hamtaki.

Flora alimsogelea, akashusha sauti.

"Anaumwa jino, Bibi. Amenikataza nisikwambie. Shuleni wamemwambia wewe ndiye Mama Koleo."

Mikono ya Emiliana ilisimama. Meno ya tarafa nzima anayajua, halafu jino bovu likalala nyumbani kwake asilione. Hilo lingemtia aibu tu. Kilichomchoma ni kwamba jina alilokuwa akilichekea mnadani limemnyang'anya mjukuu. Alilia palepale, machozi yakadondokea ungoni, na Flora akajifanya hajaona.

Jumatatu alimshika Andrea mkono wakaenda kituoni. Mtoto hakubisha, ila mkono wake ulikuwa umekakamaa kama kijiti. Bibi alipovaa koti, Andrea akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe ni Bibi au ni Mama Koleo?"

Ingekuwa rahisi kumwambia Mama Koleo amesafiri, na Emiliana alilitamani jibu hilo kuliko alivyowahi kutamani uongo wowote. Akapiga magoti.

"Ni mimi huyohuyo, mjukuu wangu. Watu wananiita Mama Koleo, na kung'oa meno ndiyo kazi yangu."

"Itauma?"

"Sindano itauma, kama kung'atwa na siafu. Baada ya hapo utasikia navuta, lakini si maumivu. Ukitaka niache, inua mkono."

Andrea akapanda kitini mwenyewe. Sindano haijamfikia hata mdomoni, akainua mkono. Emiliana akaiweka chini. Walipoanza upya akainua tena, huku amemkodolea macho, na bibi akaiweka chini tena. Nje foleni ilianza kunung'unika. Muuguzi Stumai alichungulia, akashauri mtoto ashikwe miguu na mikono kazi iishe. Emiliana alimwomba afunge mlango. Alijua kwamba akimshika, atalipata jino na kumkosa mtoto.

Mkono ukainuka tena, naye akaacha tena. Hatimaye Andrea alikunja mikono juu ya tumbo, akafumba macho na kupanua mdomo. Sindano ilipoingia alilia kweli, lakini mkono hakuuinua.

Jino lilitoka salama. Andrea aliuma pamba, akashuka kitini na kutoka bila kumtazama bibi yake. Emiliana alibaki ameshika koleo, amenywea. Labda alikuwa amechelewa, aliwaza. Akajikokota hadi mlangoni kumwita anayefuata.

Kwenye benchi alikuwepo msichana mdogo, amejificha kwenye khanga ya mama yake akilia. Andrea alikuwa amesimama mbele yake. Aliitoa pamba mdomoni, jambo alilokatazwa, ili asikike vizuri.

"Inauma kidogo," alimwambia. "Lakini ukiinua mkono, bibi yangu anaacha."

Emiliana aliegemea mlango, akifuta machozi kwa mkono wa koti. Ikabidi Stumai ndiye aite jina la anayefuata.